Ukienda Amani, tazama kile kisichobebeka

"Kule hakuna kitu, ni miti tu na majumba makuukuu." Ndivyo alivyoniambia binamu yangu wa Dar es Salaam, aliyepanda Amani asubuhi akashuka jioni ya siku ile ile. Sikubishana naye, kwa sababu hakusema uongo. Amani, juu ya milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, kweli ni miti na majumba makuukuu. Ila hakuna aliyemweleza miti ile ilifikaje pale, ilitarajiwa izae nini, na kwa nini ikaachwa ijiotee yenyewe. Mimi ni mtu wa Tanga, na nimeshapeleka huko wageni wa kila namna: wanafunzi, wakwe, hata mjomba asiyependa kutembea kwa miguu. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia ndani ya gari kabla hatujafika.

Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilianzisha Amani taasisi ya utafiti wa viumbe na kilimo, na mkurugenzi wake wa kwanza akawa Franz Stuhlmann, mtaalamu wa wanyama aliyewahi kusafiri na Emin Pasha, daktari na mpelelezi wa Kijerumani, hadi kwenye maziwa makuu. Kazi kubwa ya taasisi ilikuwa kujua zao gani lingeifanya koloni ilete faida. Usambara Mashariki ilikuwa imeshawatia hasara. Miaka ya 1890 makampuni yalifyeka msitu yakapanda kahawa, kwa kuwa ukubwa wa miti uliwadanganya kwamba udongo una rutuba isiyokwisha. Rutuba yenyewe ilikuwa kwenye miti na majani yanayooza. Ukishafyeka, mvua inaisomba yote. Kahawa ikadhoofika. Ndipo zikaletwa mbegu na miche kutoka Asia, Amerika na kwingineko, vikapandwa vitalu kwa vitalu kwenye miteremko, kuanzia bondeni Sigi hadi juu Amani, ionekane kipi kitakubali na kipi kitakataa. Bustani hiyo ina karibu hekta 300, na ni miongoni mwa bustani kubwa za mimea barani Afrika.

Baada ya hapo, kila aliyeondoka aliondoka na chake. Waingereza waliichukua Amani mwaka 1916, wakaifanya kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki. Baada ya Vita Vikuu vya Pili kituo kikahamishiwa Muguga, karibu na Nairobi. Hazina ya mimea iliyokaushwa nayo ikaenda Nairobi mwaka 1950, ikawa msingi wa hebaria ya Afrika Mashariki. Sampuli nyingi zilizokuwa zimepelekwa Berlin ziliteketea jengo lao lilipopigwa mabomu mwaka 1943. Karl Braun, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Amani zama za Wajerumani, alikusanya vyombo, dawa na zana za wenyeji kwa mamia, na leo viko kwenye makumbusho ya mji wa Stade, kaskazini mwa Ujerumani. Watafiti wa malaria waliokuja baadaye nao shughuli zao zikahamia polepole bondeni Muheza. Mlimani kikabaki kile kisichobebeka: miti, kuta za mawe, barabara zilizochongwa ubavuni mwa mlima, na familia ambazo babu zao walipanda kuja kufanya kazi wakakaa. Ukienda kutafuta makabati ya vioo utarudi mikono mitupu. Ukienda kutazama kilichoshindikana kubebwa, siku moja haitakutosha.

Kwa hiyo anzia Tanga mjini. Kwenye Boma la Kale kuna makumbusho madogo ya Urithi, yenye picha za mji na za reli tangu enzi za Wajerumani. Saa moja pale itakusaidia kuliko kusoma mabango mengi huko mbele, kwa sababu utaielewa reli, na bila reli Amani isingekuwa hapo ilipo. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Muheza mwaka 1896, na Moshi mwaka 1911. Mlima uliokuwa safari ya wapagazi ukawa jirani na bandari.

Njiani kutoka Tanga kwenda Muheza utaona mkonge. Wapo watakaokuambia ulizaliwa Amani. Si kweli: Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliuleta kutoka Florida mwaka 1893, taasisi ya Amani ikiwa haijafikiriwa, na kati ya miche 1,000 iliyoagizwa ni 62 tu iliyosalimika na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Nalisema hili kwa sababu waongozaji wengine, hasa wale wanaokuja na wageni kutoka mbali, hupenda kulipandisha kila zao juu ya mlima ule. Ukimsikia anaanza hivyo, mvumilie, lakini usiandike.

Sasa safari yenyewe. Tanga hadi Muheza ni lami. Kutoka Muheza kwenda Amani ni kilomita 30 na ushee za vumbi au tope, kutegemea umejaliwa nini siku hiyo. Kipande cha mwisho, kutoka lango la Sigi kwenda juu, kina kona kali na mawe. Gari dogo la mjini linapanda kiangazi, dereva akiwa mzoefu. Mvua ikinyesha, usijaribu. Magari ya abiria kwa kawaida hupanda mchana na kushuka alfajiri, maana yanafuata ratiba ya wanakijiji wanaokwenda sokoni, na kwa usafiri huo kwenda na kurudi siku moja hakuwezekani. Lala. Bodaboda zipo Muheza, ila patana bei kabla hujapanda, na kama una mgongo mbaya, achana nazo. Miezi ninayoipenda ni Juni hadi Septemba, na Januari na Februari. Masika, yaani Machi hadi Mei, waachie watafiti. Lakini hata kiangazi beba koti la mvua: mlima ule hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na haukusubiri umalize kupiga picha. Usiku wa Julai kuna baridi ya kweli. Mtu wa pwani anayekwenda na khanga moja ataomba blanketi la pili, na huenda asilipate.

Malipo ni ya serikali, kwani eneo lote liko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu na tangu mwaka 1997 ni hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza ya aina hiyo Tanzania. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Mtandao wa simu ukisumbua langoni unaweza kukaa pale muda mrefu, kwa hiyo wapigie siku moja kabla na umalize malipo ukiwa Tanga au Muheza. Beba kitambulisho cha taifa, kiingilio cha mwananchi ni nafuu zaidi. Na uwe na fedha taslimu za noti ndogo ndogo kwa ajili ya vijijini.

Sigi ndipo palipo na kile unachoweza kukiita makumbusho. Nyumba ya mkuu wa stesheni ya enzi za Wajerumani imekarabatiwa ikawa kituo cha taarifa, na ndani kuna maonyesho ya historia ya eneo na viumbe wake. Ni madogo, nakiri, na mgeni mwenye haraka huyamaliza huku funguo za gari zikiwa mkononi. Usifanye hivyo. Simama kwenye kibaraza ujiulize: stesheni ya nini, porini humu? Jibu ni magogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilijengwa reli ndogo ya kilomita 23 kutoka Tengeni, kwenye reli kuu, hadi hapa Sigi, ili kuteremsha mbao za msituni. Mlima ulikuwa mkali mno kwa treni kuupanda moja kwa moja, hivyo kuna mahali ilikwenda mbele, ikasimama, ikarudi kinyumenyume kupanda ngazi inayofuata. Reli zenyewe ziling'olewa zamani, zilikuwa chuma na chuma kina mnunuzi. Nyumba ikabaki. Mwombe mwongozaji akuonyeshe njia ya reli ilipopita. Ukishaiona mara moja, utaanza kutambua kila mahali ambapo ardhi imesawazishwa bila sababu ya asili.

Hapo Sigi pia ndipo pazuri pa kuanza kuzoea miti. Utaona misaji iliyopangwa safu kwa safu, dalili ya mkono wa mtu, kisha ghafla safu inapotea na msitu wa asili unaanza kuingia katikati.

Chukua mwongozaji. Hili silisemi kwa sababu ya usalama, njia za karibu zinafuatika bila shida. Nalisema kwa sababu miti mingi haina vibao, na palipo na kibao jina ni la Kilatini, herufi zimefutika nusu. Bila mtu wa pale, mkafuri ni mti mkubwa tu. Na usichukue yeyote anayejitokeza. Uliza ofisini kama kuna mzee aliyefanya kazi bustanini, au mtoto wa mtu aliyefanya. Niliyempata mimi safari moja alikuwa na miaka sabini na kitu, kofia ya kiua kichwani, na nilipomwamkia "shikamoo mzee" aliitika "marahaba mwanangu", kisha akaniuliza swali ambalo waongozaji vijana hawaniulizi: "Unataka kuona miti mizuri, au unataka kuona iliyokuwa na kazi?"

Nikamwambia yenye kazi. Jibu nawe hivyo hivyo.

Mkafuri alinionyesha kwa kuokota jani, akalisugua kiganjani na kunipa ninuse. Harufu ile sisi wa pwani tunaijua kutoka mahali pamoja, kwenye kukafini maiti, na wa kwetu wengi wakishainusa hunyamaza kidogo. Mti wenyewe asili yake ni Asia ya mashariki, na kwa Wajerumani kafuri ilikuwa malighafi ya viwandani.

Mkwinini una hadithi nzito zaidi. Uliletwa kwa ajili ya magome yake, kwa kuwa kwinini ilikuwa ndiyo dawa ya malaria. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, manowari za Waingereza zikaziba pwani, na koloni ikakatiwa dawa, sabuni na karibu kila kitu kilichokuwa kikiletwa na meli. Wataalamu wa Amani wakageuka watengenezaji. Wakatoa kwinini kutokana na magome ya mlimani, wakatengeneza na bidhaa nyingine za kuziba pengo la meli. Jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lililozunguka nchi hii miaka minne na kuwabebesha wapagazi mizigo hadi wakafa kwa maelfu mengi, lilitegemea kwa sehemu dawa iliyopikwa hapa. Mti ni mwembamba, hauna makuu, utaupita usipoonyeshwa.

Lakini ukiniuliza mti mmoja wa kwenda kuuona Amani hata ukiacha yote mengine, nitakuambia mpira. Si ule mnene wa Malaysia. Nazungumzia mpira wa Brazili, jamaa wa karibu wa muhogo, wenye majani yaliyogawanyika kama vidole. Watu wa Tanga mnaujua vizuri kuliko mnavyodhani, maana majani yake ndiyo kisamvu cha mpira, kinachotwangwa na kupikwa kwa nazi. Wajerumani waliupanda kwa pupa, si Amani peke yake bali kwenye mashamba mengi ya pwani na Usambara, bei ya mpira duniani ikiwa juu. Mwaka 1913 bei ikaanguka, kwa sababu mashamba makubwa ya Asia yalikuwa yameanza kutoa mpira bora na wa bei nafuu. Wenye mashamba wakaiacha miti. Wenyeji hawakuiacha. Walishaona kwamba majani yanalika, na sasa mti ukawa wa jikoni.

Hadithi haikuishia hapo. Miaka ya 1930, chini ya Waingereza, muhogo wa Afrika Mashariki ulikuwa ukishambuliwa na batobato, ule ugonjwa wa majani kujikunja na kuwa na mabaka ya njano. Watafiti wawili wa Amani, Harold Storey na R. F. W. Nichols, walitafuta muhogo usioshikwa na ugonjwa. Hawakupata muhogo wa kutosha kustahimili, wakaenda kwa jamaa zake, na jamaa aliyefaa alikuwa mpira ule ule uliotupwa. Wakauchanganya na muhogo, kisha watoto wakawachanganya tena na muhogo, kizazi baada ya kizazi, mpaka mizizi ikarudi kunenepa na kinga ikabaki. Baadhi ya mbegu za kazi hiyo zilipelekwa Nigeria, na kizazi chake kikatumiwa baadaye na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo iliyoko Ibadan, kuzalisha aina za muhogo zinazostahimili batobato, ambazo zimesambaa sehemu nyingi za Afrika. Kwa hiyo mtu anayekula muhogo wa kuchemsha leo Kinshasa au Lagos huenda anakula kitu kilichoanzia kwenye miteremko hii. Pale Amani hakuna sanamu wala bango linalolieleza hili ipasavyo. Kuna mti, na mzee anayeujua.

Mti wa nne niutaje kwa uchungu kidogo. Mhesi unatoka upande wa Ziwa Victoria na magharibi yake, na jina lake la Kilatini linamkumbuka Emin Pasha. Ulipandwa Amani kwa majaribio kwa sababu unakua upesi. Msitu wa asili ulipotobolewa na ukataji wa mbao wa kiwandani, uliotamba hadi miaka ya 1980, mhesi ukaingia kwenye matundu. Hondohondo wanayapenda matunda yake, wanameza mbegu wanakwenda kuzidondosha mbali. Leo utaukuta katikati ya msitu unaoonekana wa asili kabisa. Jifunze kuutambua, shina limenyooka na majani yana meno meno pembeni, kisha hesabu kimoyomoyo unapotembea. Utashangaa. Watu hupenda kusema bustani ile "imemezwa na msitu." Kwa mhesi, bustani ndiyo inayomeza.

Kuhusu majumba: mengi yako kwenye makazi ya watu au ofisi. Hapa ndipo wageni wanapokosa adabu, wakichungulia madirishani na kupiga picha nguo zilizoanikwa ili wapate "hali ya zamani." Piga hodi. Ukikaribishwa, ingia; usipokaribishwa, ta­zama kwa nje. Baada ya kilimo kuhama, Amani ikawa makao ya utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki, na ukiona jengo lenye korido ndefu na mabenchi ya maabara, ujue huenda wewe mwenyewe umefaidika nalo: watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa iliyokirithi kituo hiki, ni miongoni mwa waliojaribu vyandarua vilivyotiwa dawa kwenye vijiji vya Muheza, kabla havijawa kitu cha kugawiwa kliniki. Mhudumu wa maabara mstaafu anaweza kukuambia mengi kuhusu mbu kuliko daktari wako.

Kuna swali moja ninalomshauri kila mtu aliulize, na aliulize mapema, kabla mwongozaji hajaanza mtiririko wake wa majina ya Kizungu: nani alichimba mashimo ya hii miti? Maana majina ya wakurugenzi yameandikwa, ya wachimbaji hayakuandikwa. Zama za Wajerumani kazi za mashamba ya Usambara hazikuwa za hiari kwa wengi. Wilaya ya Wilhelmstal, Lushoto ya leo, kila mwanamume alipewa kadi iliyomlazimisha kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Hata maarifa yenyewe ya mimea hayakutoka Berlin yote. Braun aliandika majina na matumizi ya mimea ya hapa. Aliyajuaje, kama si kwa kuambiwa na watu waliokuwa wakiitumia kutibu watoto wao? Mwongozaji mzuri atakuwa na la kusema, hata kama ni jina la babu yake tu. Mwongozaji ambaye hana la kusema hapo, mlipe stahili yake na kesho utafute mwingine.

Ukilala, na nimeshasema ulale, usitumie jioni yote kwenye simu. Omba matembezi ya usiku yenye mwongozaji na tochi. Kuna kinyonga wa Usambara, dume lake lina pembe tatu puani, na usiku anaonekana kirahisi kwa kuwa ngozi yake inang'aa kwenye mwanga akiwa amelala juu ya tawi. Watoto hawatalisahau. Alfajiri ni ya ndege. Reginald Moreau alikuja kufanya kazi kituoni mwaka 1928, akiwa si mtaalamu wa ndege kwa cheo, akaishia kuwa mmoja wa wajuzi wakubwa wa ndege wa Afrika kwa kutazama kile kilichokuwa nje ya ofisi yake. Chozi wa Amani, ndege mdogo mwenye jina la mahali hapa, hutafuta chakula juu kabisa ya miti. Bila darubini utaumia shingo bure. Vaa suruali ndefu na uichomeke kwenye soksi, kwa ajili ya siafu. Sitaeleza zaidi.

Mchana, kando ya vijito, omba kuonyeshwa yale maua madogo ya zambarau yanayoota kwenye mawe yenye unyevu. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyapeleka kwa baba yake Ujerumani, mwaka uliofuata yakapewa jina la Kilatini linalotokana na la familia yao, na leo yanauzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani kote. Ndugu zetu mlioko huko huenda mnayamwagilia maji dirishani bila kujua ni watu wa kwenu. Huku kwenye asili yake yamepungua. Usichume hata moja, na mwenzako akichuma mwambie.

Tenga pia nusu siku kwa ajili ya vijiji. Huko ndiko mazao ya majaribio yalikogeuka maisha ya watu: mdalasini, karafuu, pilipili manga, na zaidi ya yote iliki, inayopandwa chini ya kivuli cha msitu. Nunua kwa mkulima mwenyewe, na usimpunguzie bei kama uko mnadani; iliki huchumwa punje kwa punje. Ukikaa naye vizuri ataweza kukusimulia kuhusu Derema, eneo lililounganishwa na hifadhi ili wanyama na mbegu vipate njia kati ya misitu. Waliokuwa na mashamba ya iliki humo waliondolewa, na suala la fidia likawa na maneno mengi. Msikilize bila kuchukua upande. Ni historia ile ile ya mlima huu, nani anaamua ardhi ioteshe nini, ila safari hii waliohusika wako hai na wanaweza kukujibu. Kuna pia wanaofuga vipepeo kwa ajili ya kuuza mabundo, yaani vipepeo wakiwa bado ndani ya ganda, nje ya nchi. Marufuku ya kusafirisha wanyamapori hai iliyotangazwa mwaka 2016 iliivuruga biashara hiyo, hivyo uliza kwanza kama kuna kitu cha kuona kabla hujawaahidi watoto.

Kwa wazee na wenye magoti mabovu: njia za karibu na makazi ni pana na zina mteremko wa wastani, mjomba wangu alizimudu na fimbo yake huku akinung'unika. Kilima cha Mbomole kinahitaji pumzi, lakini ukifika juu siku isiyo na ukungu unaona mbali sana upande wa tambarare. Siku yenye ukungu unaona ukungu, na hela hairudishwi. Chakula agiza mapema, asubuhi kwa ajili ya mchana na mchana kwa ajili ya usiku, kwa kuwa hakuna mgahawa unaokusubiri na sufuria jikoni. Usione haya kuomba kisamvu.

Kushuka, kama una gari lako, tumia gia ndogo na uache breki zipumzike. Kama unategemea gari la abiria, mwambie dereva jioni kwamba utakuwepo alfajiri, akuonyeshe na mahali pa kusimama. Utafika Muheza bado asubuhi, na msimu ukiwa umekolea utakuta machungwa yamepangwa mafungu kando ya barabara kuu. Onja kwanza, kisha patana bei ya gunia. Mafungu ni kwa ajili ya wapita njia wa mabasi.